Tabaga ya Haboba Mastura

Fundi Walubengo alikuwa njiani kwa siku kumi na sita. Kutoka Kawangware hadi Makina si safari ya kuagana na watu. Ni mwendo ambao mtu mwenye miguu miwili na nia njema ataumaliza asubuhi moja, na bado apate nafasi ya kusimama Dagoretti Corner kula mahindi ya kuchoma. Lakini kila Sitelbanat alipompigia simu, fundi alikuwa njiani. Mara yuko Dagoretti Corner. Mara anavuka Ngong Road. Siku moja alisema yuko hapo Toi kabisa, anaziona nguo za mitumba kwa macho yake mwenyewe, na Sitelbanat akateleka chai. Chai ikaiva, ikapoa, ikafanya utando juu, ikamwagwa.

Ua wa Sitelbanat ulikuwa umefukuliwa wote. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Walubengo siku ya kwanza, ambayo pia ilikuwa siku ya mwisho: alivunja sakafu kuukuu kwa sururu, akarundika vifusi kando ya tangi la maji, akasema anaenda kuandaa umbo la kuipigia simiti mpya chapa, akapotea. Tangu siku hiyo, aliyetaka kwenda jikoni, chooni au langoni alipita juu ya ubao mmoja mwembamba uliolazwa kwenye udongo. Mvua ilinyesha mara mbili na jirani mmoja aliteleza na ndoo yake. Na zilikuwa zimebaki siku tisa tu kabla ya harusi ya Sumaya, binti yake kitinda mimba.

Hata hivyo, si sakafu iliyokuwa ikimnyima usingizi. Ulikuwa ni msumari. Msumari mmoja kwenye ukuta wa sebule, juu ya kochi, ambao sasa haukushika kitu.

Kwenye msumari huo ndipo ilipokuwa ikitundikwa tabaga ya mama yake, Haboba Mastura, haboba ikiwa ni nyanya kwa Kinubi. Nyumba za Wanubi pale Makina zina tabaga, kile kifuniko cha mviringo kilichosukwa kwa ukili wa rangi, duara juu ya duara, cha kufunikia sinia ya chakula. Sitelbanat mwenyewe alikuwa nazo tano za kununua, nzuri tu, na hakujali zikikaliwa na paka. Lakini hii Haboba Mastura aliisuka mwaka ambao macho yake yalikuwa yakizima. Sitelbanat, wakati huo msichana, ndiye aliyekuwa akimpa ukili rangi baada ya rangi, na mama yake akisuka kwa vidole peke yake, uso ameuelekeza mlangoni. Karibu na ukingo vidole vilipotea. Msuko ukarudi nyuma, ukapanda juu yake wenyewe, kiasi cha upana wa vidole vitatu, kisha ukashika njia tena. Sitelbanat alitaka wafumue.

"Iache," mama yake alisema. "Hapo ndipo mtakuwa mnajua ni mkono wangu."

Tabaga hiyo ndiyo iliyofunika sinia ya kwanza siku Sitelbanat alipoolewa. Ikafunika ya binti yake mkubwa, ikafunika ya wa pili. Kwao ndivyo ilivyo: sinia ya kwanza wanayopelekewa wakwe hutoka ndani ikiwa chini ya tabaga iliyosukwa na mama au nyanya wa bibi harusi, na hakuna mwenye ruhusa ya kuifunua ila mama wa bwana harusi. Sasa ilikuwa zamu ya Sumaya, na tabaga ilikuwa na fundi, na fundi alikuwa njiani.

Na aliyempa ni yeye mwenyewe. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote, maana lau angeibiwa, angekuwa na mtu wa kumlaani.

Ilianza kwa Lenah, jirani yake anayeuza mashuka pale Toi. Sitelbanat alikuwa amelalamika kwamba ua una mashimo, wanawake watachezaje ngoma ya doluka kwenye mashimo siku ya harusi, na Lenah akatoa simu na kumwonyesha picha. "Huyu ni mtu wa kwetu, anaitwa Walubengo, ako Kawangware. Huyo hapigi simiti ya kumwaga tu. Anaiweka rangi, anaichora, unaweza dhani ni carpet. Mpigie, Mama Sumaya, utanishukuru." Sitelbanat hakuwa amemshukuru bado.

Walubengo alikuja siku ileile aliyopigiwa, ambayo ilipaswa kumtia mtu wasiwasi. Mwanamume mnene wa miaka arobaini na kitu, mwenye maneno matamu na simu iliyojaa picha: simiti iliyochorwa kama mawe, simiti iliyochorwa kama mbao, simiti iliyochorwa kama matofali. Sitelbanat alizitazama zote na kuzikataa zote. Mawe kila mtu alikuwa nayo. Kisha, kwa kiburi kilichomjia palepale, akanyoosha kidole ukutani.

"Nataka hiyo."

Walubengo alisogea, akaitazama tabaga kwa muda, mikono nyuma. "Ala! Nani alishona hii kitu?"

Hapo ndipo alipomweza. Sitelbanat akamsimulia juu ya mama yake, juu ya macho, juu ya vidole, hata akamwonyesha pale msuko uliporudi nyuma. Walubengo akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Akasema hiyo si kazi ya kupiga picha kwa simu, ni kazi ya kuwa na kitu chenyewe mkononi, niazime siku mbili tu, mathe, nitengeneze umbo. Sitelbanat akapanda juu ya kochi, akaitoa kwenye msumari, akaifunga kwenye kitambaa safi. Alimwambia kila kitu kuhusu tabaga ile isipokuwa inafanya kazi gani.

Siku nne baadaye Mama Ramzy, mama wa bwana harusi, alikuja kuzungumza mambo ya siku yenyewe. Alikuwa mwanamke wa watu, mrefu, mwenye magoti mabovu na kumbukumbu nzima, na kabla hajaonja chai aliinua macho juu ya kochi.

"Tabaga ya Mastura iko wapi?"

"Iko kwa fundi," Sitelbanat alisema.

"Fundi wa tabaga?"

"Inasafishwa kidogo."

Mama Ramzy alimtazama jinsi mtu anavyotazama maziwa asiyoyaamini. "Sawa. Mimi nimesema nyumbani kwamba nitaifunua kwa mkono wangu. Nilimjua Mastura."

Tangu siku hiyo Sitelbanat alipiga simu asubuhi, adhuhuri na jioni. Alijaribu upole. Alijaribu ukali. Alijaribu kumtuma Lenah, aliyepewa ahadi ya kesho asubuhi na mapema kwa lugha ya kwao, kesho ambayo nayo haikufika. Alijaribu kupiga kwa simu ya Sumaya ili fundi asiijue namba, na fundi akapokea kwa furaha, "Hallo mteja," kisha aliposikia sauti, mtandao ukaharibika ghafla. Hasira ilimpanda mpaka akawa anagombana na sufuria.

Asubuhi ya siku ya kumi na saba hakupiga simu. Alijitanda mtandio, akavuka ubao wake, akatembea hadi Toi na kupanda boda boda mpaka Kawangware. Alichokijua ni kwamba fundi ana stoo nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Maduka ya vifaa vya ujenzi Kawangware yako mengi kuliko watu wa kujenga, na Sitelbanat aliingia kwenye matano, akiuliza, akielekezwa na watu waliojiamini sana kwenye njia zisizokuwa na kitu. Jua lilikuwa limepanda alipofika kwa mama mmoja aliyekuwa akipika chapati kando ya mtaro. Aliitwa Jael, na stoo ya Walubengo ilikuwa mgongoni mwake, imefungwa kufuli.

"Walubengo? Huyo humpati hapa siku hizi," Jael alisema, akigeuza chapati. "Ako kwa Mburu, hiyo nyumba ya geti ya blue. Amemfanyia veranda, wacha tu! Watu wanaenda kupiga picha."

"Veranda gani?"

"Enda ujionee, mum. Ni ya maduara."

Sitelbanat hakumbuki alivyofika kwenye geti la buluu. Anakumbuka kwamba lilikuwa wazi, na kwamba mwanamke mchangamfu aliyejiita Rachael, mke wa Mburu, alimkaribisha kabla hajasema lolote. "Umekuja kuona? Karibu, kila mtu anakuja. Pitia tu hapo kando, huko mwisho bado ni mbichi."

Veranda ilikuwa ndefu, ya simiti nyekundu iliyong'arishwa, na juu yake yalikuwa yamepigwa maduara mawili mawili kutoka mlangoni hadi ngazi. Sitelbanat aliyahesabu: kumi na manne. Kila duara lilikuwa na misuko yake yote, mzunguko ndani ya mzunguko, imeingia kwenye simiti bila kupotea hata mstari. Aliinama kwenye duara la kwanza. Karibu na ukingo, upana wa vidole vitatu, msuko ulirudi nyuma na kupanda juu yake wenyewe. Akainama kwenye la pili. Palikuwapo. La tatu, palikuwapo.

Mkono wa mama yake, mara kumi na nne, kwenye nyumba ya mtu asiyemjua, na watu wanapita na viatu. Aliona uchungu ambao hakuwa ameuonja tangu siku ya msiba. Alivua viatu vyake, hata hakujua kwa nini, akasimama hapo kwa soksi.

Upande wa mwisho wa veranda Walubengo alikuwa amepiga magoti, anaivua tabaga kutoka kwenye duara la kumi na tano, polepole, akishika ukingo kwa ncha za vidole. Kitu cheusi kilikuwa kikitiririka kutoka kwenye ukili.

"Fundi."

Aligeuka. Na ukitaka kujua mtu alivyo, huyu alitabasamu. "Mathe! Wacha! Nilikuwa hata nakuja kwako."

"Uko njiani."

"Niko njiani kabisa."

"Umepiga magoti nyumbani kwa watu na uko njiani!" Sauti ya Sitelbanat ilipanda, mtandio ukateleza. "Ulisema siku mbili. Ulisema unatengeneza umbo. Umbo liko wapi?"

"Sikia, mathe, nilijaribu umbo. Nilijaribu plasta, ikakataa. Nikaona hii yenyewe ndiyo umbo. Lakini singeanza na kwako, nikuharibie harusi. Nikasema wacha nijaribie kwanza hapa kwa Mburu, ikikubali, nakuja kwako nikijua."

"Ati ulikuwa unajaribia kwangu?" Rachael aliuliza kutoka mlangoni, uchangamfu umemwisha.

Sitelbanat alikuwa ameshafika pale alipo fundi, na harufu ilimpokea kabla ya mkono wake. "Hii ni nini umeipaka?"

"Oil chafu. Ile ya garage." Walubengo aliinua tabaga kwa mikono miwili, na sasa ulionekana uso wa mtu anayengoja kusifiwa. "Bila oil, simiti inaishika, inaikula yote. Mbao tunapaka, mabati tunapaka, sembuse hii? Naipaka kila nikipiga, mbele na nyuma. Angalia, mathe. Mara kumi na tano na hakuna hata uzi umetoka. Nimekuchungia hii kitu kama yai."

"Kwa nini hukuweka nailoni?"

"Nailoni inaficha mistari. Inaacha sura ya mfuko."

"Fundi, hiyo inafunika chakula."

Walubengo aliishusha tabaga. "Chakula gani?"

"Chakula! Wali! Nyama! Chakula cha harusi ya mtoto wangu, kile cha kwanza, mbele ya wakwe!"

Fundi aliitazama tabaga, kisha debe la oili, kisha tabaga tena. Tabasamu lilimtoka kidogo kidogo. "Lakini ilikuwa kwa ukuta, mathe," alisema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa imetundikwa. Mimi nilijua ni pambo."

Sitelbanat alifungua mdomo. Alikuwa na matusi ya siku kumi na saba, mengine ya Kiswahili na mengine ya Kinubi, yamepangwa tayari. Hayakutoka. Maana ni kweli ilikuwa ukutani, na ni yeye aliyeitundika, na ni yeye aliyesimulia habari za macho na vidole nusu saa nzima asitaje hata punje ya mchele. Kukosa hata mtu wa kumtukana vizuri kulimkasirisha mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa nguvu, akaipokea tabaga kwenye mfuko wa saruji na kwenda zake. Alikuwa amefika barabarani Rachael alipomkimbilia na viatu vyake.

Siku tatu zilizofuata nyumba ilinuka gereji. Sitelbanat aliiosha tabaga kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Akaisugua kwa ndimu na chumvi. Akaifukia kwenye unga wa mahindi usiku kucha kwa ushauri wa shangazi mmoja, na kwa ushauri wa mwingine akaifukiza udi, ikawa inanuka gereji yenye udi. Rangi zilizochaguliwa na mikono yake ya usichana, nyekundu, kijani na zambarau, zilikuwa zimegeuka zote kuwa rangi moja ya kahawia isiyo na jina. Alifunika wali wa kawaida kwa saa moja ili ajaribu. Mumewe Murjan, mtu mpole asiyependa ugomvi, alikula vijiko viwili, akaomba mkate.

"Mama, tumia moja ya zile za kununua," Sumaya alisema. "Zote ni tabaga."

"Zote si tabaga!" Sitelbanat alifoka, na binti akaondoka mlangoni.

Jumanne, siku tano kabla ya harusi, lori dogo lilisimama langoni saa moja asubuhi. Walubengo alishuka na saruji, mchanga, rangi na wafanyakazi wawili, bila kupiga simu, bila kuwa njiani. Hakutania mtu. Walitandaza kokoto, wakamwaga zege, na baada ya mchana wakapitisha juu yake simiti laini iliyochanganywa na rangi nyekundu, wakaisawazisha hadi ikawa kama uso wa maji. Sitelbanat alitazama kutoka mlango wa jikoni, mikono amekunja, akitafuta kosa. Hakulipata, na hilo nalo likamuudhi.

Saa kumi Walubengo alikuja akasimama mbele yake, kofia mkononi. "Mathe, nimemaliza kando zote. Katikati nimeacha. Nichore mistari ya kawaida, ama?"

Alijua anauliza nini. Sitelbanat alijua pia. Tabaga ilikuwa imeanikwa juu ya tangi, bado inanuka.

"Usiniulize mambo hayo," alisema.

"Sikuharakishi. Lakini simiti haingoji. Nusu saa tu, ikishashika, imeshika."

Nusu saa. Siku kumi na sita hakuwa na haraka, sasa ana nusu saa! Sitelbanat alitaka kumwambia achore mistari yake aondoke. Aligeuka ili aseme hivyo, akamkuta Sumaya ameishusha tabaga kutoka kwenye tangi na kuishika mikononi, mikono ambayo kesho yake ingepakwa hina.

"Weka chini, utachafuka."

"Sijawahi kuishika," Sumaya alisema. "Tangu nikiwa mdogo. Ulikuwa unatuambia tutaiharibu." Alikuwa akipitisha kidole kwenye ukingo, akizunguka, akizunguka. Kikasimama. "Ni hapa?"

"Ni hapo."

"Kumbe unapasikia hata bila kuangalia."

Miaka yote alikuwa ameitazama tabaga ile kwa rangi zake, na rangi ndizo mama yake hakuziona kamwe. Alimnyang'anya binti yake, si kwa ukali, akavua viatu, akapanda kwenye ubao waliouweka mafundi juu ya simiti mbichi.

"Mathe, wacha mimi," Walubengo alisema. "Niipake oil kwanza."

"Hupaki kitu."

"Itashika."

"Ishike."

Alipiga magoti katikati ya ua wake, akailaza tabaga juu ya simiti, akaikandamiza kwa viganja vyote viwili, kisha kwa uzito wake wote, kutoka katikati kwenda ukingoni, kama vile mtu anavyokanda unga. Fundi akamsogezea ubao wa kuweka juu na nyundo ya mpira, na kwa dakika kadhaa walifanya kazi pamoja, yeye akionyesha, fundi akigonga. Kisha Sitelbanat akashika ukingo, akaivua.

Ukili ulikuwa umelegea kwa maji ya moto na ndimu zake mwenyewe. Mizunguko ya nje ilimfuata mkononi ikining'inia, ikaachana mmoja mmoja. Na moyo wa tabaga, ile mizunguko midogo ya kwanza ambayo Haboba Mastura aliianza kwa kukunja ukili kidoleni, haukutoka. Ulibaki ndani ya simiti.

Walubengo alipiga goti haraka na mwiko wake. "Hiyo lazima tutoe, mathe. Itaoza, itaacha shimo."

"Ukiigusa, nitakukata huo mkono."

Fundi aliurudisha mwiko mfukoni. Sitelbanat alibaki pale ubaoni na nyuzi za kahawia mkononi, analia waziwazi mbele ya mafundi, na hakujali. Hakuna kilichotengenezeka. Alikuwa amepoteza tabaga mara mbili, mara ya pili kwa mikono yake.

Jumapili ua ulijaa. Wanawake wa Makina walikuja na ngoma, na doluka ikachezwa kwenye sakafu nyekundu isiyo na shimo hata moja. Sitelbanat hakucheza. Juma zima alikuwa ametunga uongo: tabaga imeibwa, tabaga imeungua, panya. Saa saba wakwe walikaa kwenye mikeka, na sinia ya kwanza ikatoka jikoni mikononi mwake, imefunikwa kitambaa cheupe kipya.

Mama Ramzy alikitazama kitambaa. Ngoma zilikuwa zimenyamaza, kwa hivyo kila mtu alisikia.

"Mama Sumaya. Tabaga ya Mastura iko wapi?"

Uongo wote ulimkimbia. "Uko karibu kuikanyaga," alisema.

Akainama, akaiweka sinia katikati ya duara. Sinia ilikuwa ndogo kuliko tabaga, kwa hivyo ukingo wote ulibaki wazi kuizunguka. Mama Ramzy alisogea, akashika goti lake bovu, akashuka polepole mpaka kiganja kikafika chini. Alipapasa ukingo. Hakuna aliyejua anatafuta nini isipokuwa Sitelbanat.

Kiganja kilisimama.

"Alipotea hapa," Mama Ramzy alisema.

"Alipotea hapo."

"Na akakataa kufumua."

"Akakataa."

Mama Ramzy alikaa ameinama muda mrefu kuliko magoti yake yalivyopenda. Alipoinuka, aliegemea bega la Sitelbanat, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akavisukuma kando ya mkeka. Wanawake waliokuwa karibu wakatazamana, nao wakaanza kuvua vyao. Ndipo akakishika kitambaa cheupe na kuifunua sinia kwa mkono wake, kama alivyosema nyumbani kwake, na mvuke wa wali ukapanda.

"Chakula hufunikwa na tabaga," alisema kwa ukali. "Hakikalishwi juu yake. Hii si desturi."

"Najua, Mama Ramzy."

"Mradi unajua."

Wakala. Karibu na mwisho, watu walipokuwa wakinawa, Sitelbanat alihisi akivutwa mtandio. Mama Ramzy alikuwa amesogea karibu, simu mkononi, akiongea kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Huyo fundi ni nani? Nina ua pia."

Sitelbanat alimtaja Walubengo, akamsomea namba, tarakimu moja moja, mpaka ikaingia yote. Kisha akamshika mkono kabla hajaifunga simu.

"Akikwambia yuko njiani, usimsubiri," alisema. "Anza kuficha vitu vyako vya ukutani."